Kuhama Photoshop, Illustrator na CorelDRAW bila kupoteza kazi za wateja

Wanaoshindwa kuhamia programu za bure mara nyingi hawashindwi na programu zenyewe, wanashindwa na mafaili. Mtu anaacha kulipia, anapakua GIMP na Inkscape, kisha anafungua kazi ya mteja wa mwaka juzi: fonti hazipo, kivuli kimegeuka doa jeusi, maneno yamekatikakatika, na mteja anataka bango kesho asubuhi. Jioni hiyohiyo analipia tena mwezi mmoja, na ukishalipa mmoja unalipa na wa pili. Kwa hiyo hapa tunaanza na mafaili, programu zinafuata, na tunaishia kwa mchapaji, kwa sababu huko ndiko kosa la dakika mbili huharibu karatasi elfu.

Kabla hujaacha kulipia

Kazi hii ifanyike wakati programu ya zamani bado inafunguka. Malipo ya Creative Cloud yakikoma, Illustrator haifunguki hata kwa kuchungulia tu. Angalia pia aina ya mpango wako: ule wa mwaka mzima unaolipwa mwezi kwa mwezi, ukiuvunja baada ya siku 14 za mwanzo, Adobe hukutoza nusu ya malipo yaliyobaki ya mwaka huo. Tafuta tarehe mwaka wako unapoisha, uhesabu wiki sita kurudi nyuma, na uanzie hapo. Wenye Corel ya kuvunjwa (nakala isiyo na leseni) hatua ni hizihizi, ila wao hawana tarehe ya mkataba. Wana siku wasiyoijua, siku ambayo antivirusi au sasisho la Windows litaizima programu.

Usihamishe kila kitu. Tenga kazi zinazorudi (nembo, lebo, kadi, vichwa vya barua) na zile zilizo mkononi. Zilizokwisha kabisa zitolee PDF moja moja, uziache zipumzike.

Faili la Illustrator lihifadhi mara tatu. Nakala ya kwanza ni AI, na kwenye dirisha la kuhifadhi hakikisha kisanduku cha Create PDF Compatible File kimetikiwa. Kwa kawaida huwa kimetikiwa chenyewe, lakini wapo wanaokiondoa ili faili liwe jepesi. Inkscape haisomi AI yenyewe, inasoma PDF iliyofichwa ndani yake. PDF hiyo isipokuwepo, utafunguliwa ukurasa mtupu wenye sentensi ya Kiingereza inayosema faili lilihifadhiwa bila PDF, na hapo hakuna dawa ila kurudi Illustrator. Nakala ya pili ni SVG, faili la vekta (mchoro unaokuzwa bila kupoteza ubora) ambalo Inkscape hulitumia kama lake. Ya tatu ni PDF ambayo maandishi yake yote yamegeuzwa kuwa michoro: chagua vyote, bonyeza Ctrl+Shift+O, kisha hifadhi kwa jina linalojieleza, mfano "nembo-michoro.pdf". Maneno yake huwezi kuyahariri tena, ila sura ya nembo haitabadilika kwenye kompyuta yoyote ile.

Kwa CorelDRAW, Inkscape na LibreOffice Draw hufungua CDR moja kwa moja, na maumbo ya kawaida hupita salama. Kinachoharibika ni picha zilizofungiwa kwa PowerClip, uwazi wa rangi na vivuli. Basi toa PDF na SVG ukiwa bado ndani ya Corel, pamoja na nakala iliyogeuzwa kwa Ctrl+Q.

InDesign ina amri nzuri ya kuondokea: File > Package. Inakusanya picha na fonti kwenye folda moja, na ukitikia inaongeza IDML na PDF. Ile IDML, faili la InDesign linalosomeka na programu nyingine, ndiyo unayoihitaji, maana Scribus, programu huria ya kupanga kurasa, haifungui INDD (faili la kawaida la InDesign) hata kidogo. Ikifika Scribus, fremu na picha zitakaa karibu na mahali pake, lakini majedwali na mitindo ya aya utavitengeneza upya kwa mkono. Kitabu cha kurasa 200 si cha kuhamisha katikati ya kazi. Kimalize kulekule kilikoanzia.

PSD ndiyo rahisi kuliko zote, kwani GIMP, Krita na Photopea zote huifungua, na matabaka, makundi na barakoa (zinazoficha sehemu za tabaka bila kuzifuta) hufika. Visivyofika salama GIMP ni vitu vya Smart Object, ambavyo hugeuka picha ya kawaida, na matabaka ya kurekebisha rangi, ambayo usiyategemee. Kando ya kila PSD muhimu weka PNG ya ukubwa kamili kama shahidi. Ukifungua GIMP na kitu kikaonekana tofauti, PNG ndiyo itakayokuambia kilivyopaswa kuwa.

Bado fonti. Zile zilizotoka Adobe Fonts huzimika pamoja na malipo, kwa hiyo andika orodha ya fonti zilizomo katika kila kazi inayorudi. Pa kuanzia kutafuta mbadala ni Google Fonts, ambako nyingi zina leseni huria inayoruhusu kazi ya biashara. Liberation Sans na Arimo zina upana wa herufi sawa na Arial, na Carlito ni sawa na Calibri, hivyo mistari haihami. Kabla hujaikubali fonti yoyote ya mapambo, andika neno "ng’ambo" kwa kila unene unaotaka kutumia. Fonti nyingi za harusi hazina ile alama ya ’ na huweka kisanduku, au huazima alama kutoka fonti nyingine, na ukiwa na haraka hutaliona hadi limechapwa.

Kila kazi na chombo chake

Hakuna programu moja ya bure na huria (yenye msimbo ulio wazi kwa wote) inayokaa mahali pa zote ulizokuwa nazo. Picha za kamera na simu zinaenda GIMP. Nembo, stika, mabango na kila kitu cha vekta kinaenda Inkscape. Kitu cha kupelekwa kiwandani, chenye kurasa na rangi za CMYK (wino nne za uchapaji: samawati, magenta, njano na nyeusi), kinamalizikia Scribus. Kuchora kwa kalamu ya kidijitali ni Krita, na picha za RAW (data ghafi ya kamera) ni darktable au RawTherapee. Kosa la watu wa Photoshop ni kuendelea kufanya kila kitu, pamoja na nembo na kadi za biashara, ndani ya GIMP kwa sababu ndivyo walivyozoea. Photoshop ilikuvumilia. GIMP haitakuvumilia.

Photopea hufanya kazi ndani ya kivinjari, inafanana mno na Photoshop, na picha huchakatwa kwenye kompyuta yako bila kupelekwa kwenye seva. Ina matangazo pembeni, hilo si tatizo. Tatizo ni kumbukumbu. Ukurasa wa A2 kwa dpi 300 (vitone 300 kwa inchi) ni pikseli 4961 × 7016, na tabaka moja tu lililojaa ni takriban MB 139. Matabaka kumi kwenye kompyuta ya GB 4 yatakugandia. Itumie kama daraja: kufungua PSD yenye mambo mengi, kuyageuza picha ya kawaida yale ambayo GIMP haiyaelewi, na kuhifadhi tena.

Ipo pia Affinity. Canva iliinunua mwaka 2024, na tangu Oktoba 2025 imekuwa bure kwa Windows na Mac, mradi ufungue akaunti ya Canva. Inafungua PSD, inafanya CMYK ipasavyo, na kwa mtu aliyezoea Adobe ndiyo njia fupi kuliko zote. Lakini si programu huria, na kampuni inayotoa kitu bure leo inaweza kubadili masharti kesho. Ukiichagua, endelea kuhifadhi nakala za SVG na PDF kila kazi inapoisha. Kwa Canva yenyewe, toleo la bure halikupi PDF ya CMYK wala PNG isiyo na mandhari, na hayo mawili ndiyo mchapaji na mtengeneza fulana huomba kwanza.

Pakua kutoka gimp.org, inkscape.org, scribus.net na krita.org tu. Matangazo yanayotokea juu ya matokeo ya utafutaji si mahali pa kubonyeza.

GIMP kwa mkono uliozoea Photoshop

Chukua toleo la 3.0, lililotoka Machi 2025, au jipya zaidi. Tofauti yake na 2.10 ni kubwa: ukiweka ukungu au ukirekebisha rangi, badiliko linabaki kama alama ya fx kwenye tabaka, na unaweza kulizima au kulirekebisha wiki ijayo. Zamani lilikuwa linaungua moja kwa moja kwenye picha.

Kitakachokukera siku ya kwanza ni kuhifadhi. Ctrl+S hutoa XCF peke yake, ukiandika "kadi.jpg" pale inakukatalia. JPG, PNG na TIFF hutolewa kwa Ctrl+Shift+E, na ukishatoa mara moja, Ctrl+E inarudia kwa jina lilelile. Vifupisho vingine navyo vitakuchanganya: B, ambayo kwako ni brashi, huku ni kalamu ya njia, brashi ni P. Kusogeza ni M badala ya V, na kazi ya Ctrl+T hufanywa na Shift+T. Unaweza kuvibadilisha kwenye Edit > Keyboard Shortcuts, lakini badilisha vitano au sita tu unavyovigusa kila dakika. Ukibadilisha vyote, kila somo utakalolitazama mtandaoni litakuwa la kibodi nyingine. Usipojua kitu kiko menyu gani, bonyeza / na uandike jina lake.

Jambo la pili ni mipaka ya matabaka. Kwenye GIMP kila tabaka lina ukubwa wake, ukingo wake ukionyeshwa kwa mstari wa vidoti. Brashi ikigoma ghafla kana kwamba imegonga ukuta, umefika mwisho wa tabaka: Layer > Layer to Image Size, au washa Expand Layers kwenye chaguo za brashi. Na ukifuta kitu ukaona rangi badala ya vile viboksi vya kijivu, tabaka halina uwazi: Layer > Transparency > Add Alpha Channel.

Kukata mtu kutoka kwenye picha, kazi inayoombwa kila siku, fanya hivi. Chukua kalamu (B), zunguka ukingo kwa ndani kidogo, kama pikseli moja, ili usibebe mandhari ya nyuma. Funga njia, bonyeza Enter igeuke uteuzi, kisha Layer > Mask > Add Layer Mask na uchague Selection. Usifute chochote. Nywele na kilemba utavirekebisha baadaye kwa brashi laini juu ya barakoa, nyeusi ikificha na nyeupe ikirudisha.

Pima picha kabla ya kuikubali. Picha iliyotumwa WhatsApp kwa njia ya kawaida mara nyingi haizidi pikseli 1,600 upande mrefu. Gawanya kwa 300, zidisha kwa 2.54: ni sentimita 13.5, basi. Inatosha kadi, haitoshi ukurasa wa A4. Kuipandisha kwa Scale Image hakuongezi kitu zaidi ya ukungu. Mwombe mteja aitume tena kama dokumenti, siyo kama picha.

Inkscape, na mambo matatu yanayoharibu vipimo

Kwenye Edit > Preferences, sehemu ya Interface > Keyboard, kuna seti ya vifupisho vya Illustrator na nyingine ya CorelDRAW. Tofauti na GIMP, hapa tungeshauri uibadilishe siku ya kwanza, maana imetengenezwa nzima nzima na haina mapengo mengi.

Jambo la kwanza ni kipimo cha SVG. Illustrator huhesabu pikseli 72 kwa inchi, Inkscape 96. Kwa hiyo nembo yenye upana wa mm 100 ikitoka Illustrator kwa SVG mara nyingi inafika ikiwa mm 75. Haijaharibika. Ichague yote, fungua Object > Transform, kichupo cha Scale, weka asilimia 133.333 pande zote mbili, kisha pima tena.

La pili ni unene wa mistari. Ukikuza nembo mara kumi kwa ajili ya bango na mistari ikabaki nyembamba kama uzi, kitufe cha kukuza mstari pamoja na umbo kimezimwa; kiko kwenye upau wa juu ukiwa umeshika mshale wa kuchagulia. Kabla ya kukabidhi nembo, geuza mistari yote kuwa maumbo kwa Path > Stroke to Path, na hutalifikiria tena.

La tatu linawapata watu wa Corel wanaokata stika. Inkscape kwa kawaida huingiza unene wa mstari ndani ya vipimo, hivyo mraba wa mm 50 wenye mstari wa mm 1 unasomeka 51. Preferences > Tools, chagua Geometric bounding box. Kwa mashine za kukatia zinazokubali HPGL (lugha ya kuongoza kisu) kuna Extensions > Export > Plot. Kabla ya kutuma, maandishi yote yawe njia, na herufi zinazogusana ziunganishwe kwa Path > Union, la sivyo kisu kitapita katikati ya herufi pale zinapokutana.

Kinachofanana na PowerClip ni Object > Clip > Set Clip: umbo la juu ndilo linalokata. Ukigeuza picha kuwa vekta kwa Shift+Alt+B, isogeze ile mpya pembeni na ufute ile ya chini, kwa sababu zinalaliana kabisa na PDF itabeba zote mbili. Na picha unazoingiza zichagulie Embed, si Link. Ukiweka Link kisha ukahamisha folda kwenye flashi, utakutana na alama ya picha iliyopotea ukiwa tayari umesimama dukani kwa mchapaji.

PDF kutoka sehemu nyingine ukiifungua Inkscape, kila mstari wa aya huja umejitenga, wakati mwingine kila neno. Kwa aya ndefu ni haraka zaidi kuchapa upya kuliko kuunganisha vipande.

Mfano mmoja hadi mwisho: kadi ya mchango wa harusi

Tuchukue kadi ya A6 ya kulala, mm 148 × 105, yenye mapambo, picha ya maharusi na maandishi.

1. Inkscape, File > Document Properties: weka milimita, upana 154, urefu 111. Ile mm 3 ya ziada kila upande itakatwa na mashine. Bila hiyo, kisu kikiteleza kidogo kadi inabaki na uzi mweupe pembeni. Weka miongozo mm 3 kutoka ukingo na mingine mm 8. Rangi ya nyuma ifike mwisho kabisa; maneno na nyuso zisivuke ule mwongozo wa mm 8.

2. Chora maua, fremu na mandhari. Maandishi yaache. Kivuli cha ukungu usikiweke hapa, kwa sababu Scribus haisomi vichujio vya SVG. Kama ni lazima, kitengeneze GIMP kama picha. Hifadhi SVG.

3. Picha ya maharusi ikikaa eneo la mm 60 × 80, GIMP iipunguze hadi pikseli 709 × 945 na kuitoa kama TIFF. Iache ikiwa RGB, yaani rangi za mwanga wa kioo. Scribus itaibadilisha wakati wa kutoa PDF.

4. Scribus, File > New: 148 × 105, na kwenye sehemu ya Bleeds weka mm 3 pande zote nne. Kisha File > Document Setup > Color Management, washa, na uchague profaili ya mashine (faili linaloeleza rangi zake). Muulize mchapaji anatumia ipi. Asipojua, ISO Coated v2, inayopatikana bure kwa ECI (kikundi cha Ulaya cha wataalamu wa rangi), ni chaguo la kawaida kwa karatasi ya kung’aa.

5. File > Import > Get Vector File, chagua SVG yako, bonyeza juu ya ukurasa. Fungua Properties (F2), weka X −3 na Y −3 huku kiini cha kipimo kikiwa kona ya juu kushoto. Namba ni hasi kwa sababu Scribus huanza kuhesabu kwenye mstari wa kukatia, na mchoro wako unaanzia nje yake.

6. Edit > Colors and Fills. Utakuta rangi zenye majina kama FromSVG#1e3a8a. Hizi bado ni RGB. Fungua moja moja, geuza modeli iwe CMYK, na uipe jina la maana. Ukiruka hatua hii, rangi za kadi yako zitaamuliwa na mashine.

7. Chora fremu za maandishi (T), na upange herufi kwenye Content Palette (F3). Rangi ya maandishi iwe Black, ambayo ni wino mweusi peke yake kwa asilimia 100. Chini yake kwenye orodha ipo Registration: inaonekana nyeusi vilevile kwenye kioo, lakini ni wino zote nne kwa asilimia 100, na imetengwa kwa alama za mashine. Anayeitumia kwa maneno hupata herufi zenye vivuli vya rangi pembeni na karatasi isiyokauka.

8. Maandishi yasishuke chini ya pointi 7. Meupe juu ya rangi nzito yasishuke chini ya 8, na yawe manene, kwani wino huvimba na kula herufi nyembamba. Ukiwa na orodha ya waalikwa mia tatu kwenye lahajedwali, usiyaandike majina kwa mkono: ihifadhi kama CSV, weka %VAR_jina% mahali pa jina, na uendeshe skripti ya bure iitwayo ScribusGenerator. Jina la safu kwenye CSV lifanane herufi kwa herufi na lile uliloandika kwenye kadi.

9. Endesha Preflight Verifier, mkaguzi wa makosa wa Scribus. Malalamiko mawili ya kawaida ni picha yenye dpi chache na maneno yaliyofurika fremu. La pili lichukulie kwa uzito: sentensi ya mwisho, mara nyingi ile yenye namba ya kupokelea mchango, ndiyo inayomezwa.

Sasa kabla ya kutoa PDF, fanya ukaguzi unaorukwa na wengi. Fungua File > Output Preview (kwenye Windows lazima programu saidizi ya Ghostscript iwe imesakinishwa), washa mwonekano wa CMYK, kisha ondoa tiki ya wino mweusi. Maandishi yote yanapaswa kutoweka. Ukiona "Kamati ya maandalizi" imebaki hafifu kama moshi, sentensi hiyo imetengenezwa kwa wino nne. Rudi kwenye rangi zake. Tikia nyeusi tena, ondoa samawati, na uangalie ua lako limebaki na nini. Dakika tano hizi zinakuonyesha sahani za kuchapia zenyewe, moja kwa kila wino, kama mashine itakavyoziona.

Kisha File > Export > Save as PDF. Kwenye General chagua PDF/X-3 au X-1a (aina za PDF za uchapaji) kama mchapaji ameiomba. X-3 isipochagulika, umesahau kuwasha Color Management. Aina hizi mbili hazikubali uwazi, na Preflight itakuonya, X-4 inaukubali. Kwenye Color chagua Printer. Kwenye Pre-Press tikia Crop Marks na Use Document Bleeds. Tiki hiyo ya mwisho ikisahaulika, ile mm 3 yote uliyoihangaikia haitoki ndani ya PDF.

Rangi ambazo karatasi haiwezi

Lawama nyingi dhidi ya programu za bure ni lawama za RGB. Kioo hutoa mwanga na karatasi hurudisha mwanga, hivyo kijani cha kung’aa, pinki kali na bluu nzito hufifia, na Photoshop nayo ilikuwa haina muujiza hapo. Royal blue, rangi inayopendwa na kamati za harusi, ndiyo mkorofi mkubwa: bluu tupu ya RGB (0, 0, 255) ikigeuzwa kiotomatiki inabeba magenta nyingi na kutoka zambarau. Iandike mwenyewe, C 100, M 60, Y 0, K 0, kisha omba chapa ya majaribio. Mteja aone karatasi, asione simu. GIMP 3.0 nayo inaweza kukuonyesha picha itakavyokuwa kwa wino kupitia soft-proof kwenye Image > Color Management, na hata kutoa TIFF au JPEG ya CMYK, lakini kwa kadi na vipeperushi acha Scribus ifanye.

Mabango makubwa ni habari tofauti. Dpi 100 hadi 150 kwa ukubwa halisi inatosha, mashine nyingi za bango hupokea RGB, na PDF au PNG iliyotoka moja kwa moja Inkscape inakubalika. Ukitoa PDF yenye kivuli, kwenye dirisha la kuhifadhi pandisha rezolusheni ya vichujio kutoka 96 hadi 300, la sivyo kivuli kitatoka kwa ngazi ngazi.

Duka linalotumia Corel peke yake

Maduka mengi ya uchapaji yatafungua PDF yako ndani ya CorelDRAW, si kwenye mtambo wa PDF, na hapo fonti zilizofungashwa huweza kubadilishwa kimyakimya. Toa PDF 1.4, na kwenye kichupo cha Fonts cha Scribus chagua fonti zote zigeuzwe kuwa michoro. Kwa nembo na stika, toka Inkscape na PDF yenye chaguo la kugeuza maandishi kuwa njia. Peleka faili hilo pamoja na PNG ya ukubwa wa kioo tu, iliyoandikwa vipimo vya kazi kwenye jina lake, mfano "kadi-148x105-kukata.png", ili anayepokea aone inavyopaswa kuonekana na ajue kama Corel imesogeza kitu. Akikuomba CDR, mwambie afungue PDF na ahifadhi CDR mwenyewe, kisha mkague pamoja kwenye kioo chake kabla hajabonyeza chapa.